Kodi ya vifurushi ikusanywe na muuzaji

Shati lililoshonwa Guangzhou lina njia mbili za kumfikia mnunuzi wa Dar es Salaam. La kwanza hupakiwa kwenye kontena pamoja na mengine elfu kadhaa, likashuka bandarini, likatolewa na wakala wa forodha, likapanda lori hadi Kariakoo na kutundikwa kwenye fremu inayolipiwa pango kila mwezi. La pili hutiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye jina la mteja, likapanda ndege, likafika mlangoni. Shati ni lilelile, na huenda hata cherehani ni ileile. Linalotofautiana ni kodi.

Tufanye hesabu. Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nguo mpya zimo kwenye ngazi ya juu ya 35%, iliyoanza kutumika 1 Julai 2022. Shati lenye thamani ya shilingi 10,000 likifika bandarini linadaiwa ushuru wa 3,500. Juu ya jumla ya 13,500 inakuja VAT ya 18%, yaani 2,430. Limeshafika 15,930, na bado hatujahesabu tozo ndogondogo, usafiri, pango, leseni, mshahara wa kijana wa dukani na faida ya mwenye duka. Kifurushi cha mtu mmoja, kikiandikwa "zawadi" au kikitajiwa thamani ya dola mbili, kinaweza kupita kwa kodi kiduchu au bila kodi kabisa. Ofisa wa forodha hana muda wa kufungua kila mfuko, na aliyeandika thamani ile analijua hilo.

Mwanya huu uzibwe. Hatuoni sababu ya kupoteza maneno hapo. Ila namna ya kuuziba ndiyo yenye kazi, maana wapo waliouziba vizuri na wapo waliouziba kwa papara wakawaumiza watu wasiohusika. Sisi tumebahatika kuwa nyuma yao. Tunaweza kuchagua.

Kwanza tukubali kwamba msamaha wa vifurushi vidogo haukutungwa kwa nia mbaya. Kila idara ya forodha ilijua kwamba kutumia kazi ya dola tatu kukusanya kodi ya nusu dola ni hasara, basi vitu vya thamani ndogo vikaachwa vipite. Marekani ilianza hivyo tangu 1938. Mwaka 2016 kiwango chake kilipandishwa kutoka dola 200 hadi dola 800, na hapo ndipo jambo dogo lilipogeuka kuwa bahari. Vifurushi vilivyoingia kwa njia hiyo vilikuwa takriban milioni 139 katika mwaka wa fedha 2015. Mwaka 2024 vilizidi bilioni 1.3. Hizo si zawadi za shangazi. Ni biashara nzima iliyojengwa ndani ya msamaha.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni cha Jersey na Guernsey, visiwa viwili vilivyo karibu na pwani ya Ufaransa, chini ya ufalme wa Uingereza lakini nje ya mfumo wake wa VAT. Uingereza ilikuwa na msamaha kwa vifurushi visivyozidi pauni 18, na wakulima wa maua wa visiwani wakautumia kupeleka mashada yao kwa wateja wa bara. Hakuna aliyewaonea kijicho. Kisha wauzaji wa mtandaoni wakaisoma sheria ileile wakaona kingine. CD na DVD zikaanza kusafirishwa kutoka Uingereza hadi visiwani, zikatiwa kwenye bahasha moja moja, zikarudishwa Uingereza kwa mteja ambaye angeweza kuzinunua mtaani kwake. Safari yote hiyo ya kwenda na kurudi baharini ilikuwa na kazi moja tu, kuikwepa VAT. Wino wa printa, vitamini na lenzi za macho zikafuata mkumbo.

Maduka ya muziki yaliyokuwa yakilipa kodi yote yakafunga moja baada ya jingine. Ni kweli kwamba muziki wa kupakua kwenye intaneti nao uliyaumiza, na hatutaki kutupa mzigo wote kwa visiwa. Lakini Hazina ya Uingereza yenyewe ilikadiria kwamba ilikuwa ikipoteza kiasi cha pauni milioni 140 kwa mwaka. Novemba 2011 kiwango kilishushwa hadi pauni 15. Tarehe 1 Aprili 2012 msamaha ukafutwa kabisa kwa bidhaa zinazotoka visiwa hivyo. Jersey na Guernsey zilikwenda Mahakama Kuu mjini London kupinga, zikashindwa.

Miaka yote hiyo waliopaswa kulinda mapato ya nchi walikuwa wakiona bahasha zinaongezeka. Walichelewa kwa sababu kila bahasha, ukiitazama peke yake, ni ndogo mno kumkosesha waziri usingizi.

Afrika Kusini iko karibu zaidi nasi, na hali yake inafanana na yetu. Mamlaka ya mapato ya huko, SARS, ilikuwa na utaratibu wa kurahisisha kazi, ambapo kifurushi kisichozidi randi 500 kilitozwa 20% moja kwa moja, bila VAT. Mwagizaji wa nguo kwa kontena alilipa ushuru wa 45%, kisha VAT ya 15%. Chukua gauni la randi 400. Aliyeagiza kwa simu alichangia randi 80. Duka la Durban au Cape Town lilitoa randi 180 za ushuru peke yake, VAT ikisubiri zamu yake. Jukwaa la kuuza mtandaoni la Shein lilikuwa limeshaingia, na Januari 2024 jingine, Temu, likafuata. Wenye maduka na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, SACTWU, watu ambao kwa kawaida hukutana mezani kuvutana juu ya mishahara, safari hii walilalamikia jambo moja. SARS ikatangaza kwamba VAT itaongezwa kwenye vifurushi hivyo kuanzia 1 Julai 2024, ikasogeza hadi 1 Septemba, na siku hiyo ikaanza kutoza.

Wanunuzi walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Mtu mwenye kipato kidogo aliyekuwa akipata nguo ya mtoto kwa bei nafuu haoni uchumi wa taifa. Anaona bei imepanda. Hilo tunalichukulia kwa uzito, na tutalirudia. Lakini ushonaji ni miongoni mwa kazi chache za kiwandani ambazo bado zinawapa riziki akina mama wengi wasio na cheti. Nchi haiwezi kumtoza mshonaji na mwajiri wake kila senti, kisha ikampa mshindani wa ng'ambo punguzo kwa sababu tu yeye anafunga mzigo wake kwenye mifuko midogo.

Sasa tuje kwenye namna ya kukusanya, ambako ndiko wengi hukwama.

Australia ilikuwa na msamaha mkubwa sana, dola 1,000 za nchi hiyo. Mwaka 2011 tume yake ya tija ilichunguza suala hili na kusema wazi kwamba msamaha hauna haki, lakini kuufuta wakati ule kungegharimu zaidi ya kodi ambayo ingepatikana, kwa kuwa kila kifurushi kingelazimika kusimamishwa mpakani. Jibu lilipatikana baadaye, nalo ni rahisi. Acha kumfuata mnunuzi, mfuate muuzaji. Kuanzia 1 Julai 2018, muuzaji wa nje anayewauzia Waaustralia bidhaa za zaidi ya dola 75,000 za huko kwa mwaka anajiandikisha, anaongeza kodi ya 10% kwenye bei wakati mteja analipa, na anaipeleka serikalini. Kifurushi kikifika, kodi imeshalipwa, kinapita. Amazon iligoma mwanzoni, ikawafungia Waaustralia wasinunue kwenye tovuti yake ya Marekani. Novemba mwaka uleule ikawafungulia. Soko la watu wenye fedha halisusiwi muda mrefu.

New Zealand ikafanya vivyo hivyo Desemba 2019, Norway 2020, Singapore 2023.

Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wake wa VAT wa yuro 22 tarehe 1 Julai 2021 na kuwawekea wauzaji dirisha moja la kulipia kodi ya nchi zote wanachama. Ushuru wa forodha, hata hivyo, uliachwa wazi kwa bidhaa zisizozidi yuro 150, na humo ndimo mafuriko yalimopita. Mwaka 2024 vifurushi bilioni 4.6 vya thamani ndogo viliingia Ulaya, kama milioni 12 kwa siku, na tisa katika kila kumi vilitoka China. Desemba 2025 mawaziri wa fedha walikubaliana kutoza yuro 3 kwa kila aina ya bidhaa ndani ya kifurushi kuanzia 1 Julai 2026. Hatua hiyo hatuipendi ilivyo. Tozo ya kiasi kimoja humwelemea anayenunua soksi za yuro 2 na kumpapasa tu anayenunua koti la yuro 140. Asilimia ina haki zaidi, na kompyuta inayotoza yuro 3 haishindwi kupiga hesabu ya asilimia.

Na Marekani? Msamaha ulifutwa kwa bidhaa za China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025. Kisha amri iliyosainiwa 30 Julai ikaufuta kwa dunia nzima kuanzia 29 Agosti. Mashirika ya posta yalipewa mwezi mmoja kujenga mfumo wa kukusanya kodi ambao hayakuwahi kuwa nao. Mengi yakashindwa yakaacha kupokea vifurushi vya kwenda huko. Umoja wa Posta Duniani uliripoti kwamba mashirika 88 yalisimamisha huduma zote au sehemu yake, na siku ile ya 29 Agosti mizigo ya posta ya kwenda Marekani ilishuka kwa 81% ikilinganishwa na wiki moja kabla. Zawadi za kweli zisizozidi dola 100 zilibaki huru kwa mujibu wa sheria, lakini sheria haimsaidii mama anayetaka kumtumia mwanawe kanga iwapo shirika la posta linalopaswa kuibeba limefunga dirisha. Msamaha ulistahili kufutwa. Haukustahili kufutwa kwa mwezi mmoja.

Turudi nyumbani. Kuna wanaosema sisi hatuna uwezo wa kumdai kodi muuzaji aliye Shenzhen au Singapore. Tunawajibu kwamba tumeshaanza. Kenya inatoza VAT kwenye huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje. Anayelipia Netflix Nairobi anachangia 16% bila kupanga foleni popote. Tanzania, kwa Sheria ya Fedha ya 2022, iliwafungulia watoa huduma wa nje utaratibu rahisi wa kujiandikisha na kulipa wakiwa kwao. Mlango upo, na funguo tunazo. Tunashangaa kwa nini filamu inayopita kwenye waya inalipa kodi kwa utaratibu mzuri, na viatu vinavyopita kwenye ndege vinaachiwa bahati ya ofisa aliyepo zamu.

Fedha nazo zinaonekana. Mnunuzi wa siku hizi halipi kwa noti zilizofichwa kwenye soksi. Analipa kwa kadi, au kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa. Kila shilingi ina tarehe na jina la aliyepokea. Jukwaa kubwa likikataa kujiandikisha, benki na kampuni za simu zinajua malipo yake yanapopita. Sheria iseme hivyo mapema, na iseme kwa upole, kwamba jukwaa lililojiandikisha litapitisha vifurushi vyake haraka, na lisilojiandikisha litasubiri ukaguzi.

Kuna upande ambao wenzetu wa Ulaya hawanao kwa kiwango chetu, nao ni mizigo ya kilo. Kijana anayeuza mikoba Instagram anaagiza vipande kumi, anavipeleka kwa wakala Guangzhou, wakala anavichanganya na vya watu wengine mia mbili, anamtoza kwa kilo na kumwambia ushuru umo humo. Umo kweli? Kijana hajui. Hapewi karatasi yoyote inayoonyesha thamani iliyotajwa forodhani wala kodi iliyolipwa kwa jina lake. Wapo mawakala waaminifu, na wanaumizwa na wasio waaminifu, kwa sababu bei ya kilo ya mkweli haiwezi kushindana na ya mwongo. Kila wakala anayekusanya mizigo ya wengi alazimishwe kumpa kila mteja risiti inayotaja thamani, ushuru na VAT. Risiti hiyo ina faida kubwa kwa kijana mwenyewe. Siku akitaka mkopo benki au kupanga fremu, atakuwa na ushahidi kwamba biashara yake ni halali.

Mfuko usiofunguliwa unapita pia bila mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, kuuona. Mwenye kontena anatakiwa awe na cheti cha ubora kabla mzigo haujapakiwa melini. Chaja ya simu inayoweza kuunguza nyumba, au krimu ya kujichubua yenye zebaki, ambayo imepigwa marufuku katika nchi zetu, ikija moja moja haikutani na mtu.

Tumesema tutamrudia mnunuzi wa kipato kidogo. Mwanafunzi wa chuo anayeagiza kava la simu hana kosa, na hatumhesabu kuwa mkwepa kodi. Kwa ajili yake tunataka kodi iwe kwenye bei tangu anapotazama picha, ajue jumla kabla ya kubonyeza kulipa. Kinachomuumiza leo ni mshtuko. Anaitwa dirishani, anaambiwa kuna ushuru, kuna ada ya kuhifadhi, kuna ada ya kutoa, na mzigo wa shilingi 20,000 unadaiwa fedha asizokuwa nazo. Wengine huuacha hapohapo wakaondoka. Kodi inayokusanywa na muuzaji inamwondolea aibu hiyo. Na zawadi halisi kutoka kwa ndugu aliye Muscat au Toronto, vitabu, na dawa aliyoandikiwa mgonjwa, viendelee kupita bila kutozwa, kwa kiwango kinachotajwa waziwazi katika sheria ili mtu asihitaji kujuana na mtu.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024. Walikuwa na malalamiko mengi juu ya kodi na namna inavyodaiwa, na si yote tuliyoyaunga mkono. Lakini jambo moja walilolionyesha halina ubishi. Mwenye fremu ni rahisi kupatikana. Ana mlango, ana mashine ya EFD ya kutolea risiti, ana kufuli linaloweza kupigwa muhuri. Serikali ikipungukiwa inamrudia yeye, kwa sababu yupo palepale. Naye bidhaa zake zinatoka China vilevile; hatuombi alindwe dhidi ya China, na hatusemi watu wasinunue mtandaoni. Tunaomba alipe kiwango kilekile anacholipa anayeuza shati lilelile kwa njia nyingine. Mapato yatakayopatikana yatumike kwanza kumpunguzia tozo zile ndogondogo zinazomfuata kila hatua kuanzia bandarini.

Hatua hii haifai kuchukuliwa na nchi moja peke yake. Tangu 1 Januari 2005 tuna Umoja wa Forodha. Tanzania ikiziba na jirani akaacha wazi, vifurushi vitashukia kwa jirani na kuvuka mipaka ya Namanga, Holili au Mutukula kwenye mabuti ya magari, na mwanya utakuwa umehama tu. Jersey imetufundisha jinsi bidhaa zinavyokubali kuzunguka mradi mwisho wa mzunguko kuna msamaha. Kiwango kiwe kimoja, daftari la majukwaa liwe moja, na muuzaji akijiandikisha Kigali atambulike Kampala.

Wahusika wapewe pia muda. Mwaka mmoja wa kujiandaa unatosha kwa majukwaa, kwa posta na kwa kampuni za mizigo. Australia ilipitisha sheria yake 2017 ikaanza kutoza 2018, na vifurushi havikusimama.

Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kila mwaka kabla ya bajeti za Juni kukubaliana viwango vya ushuru. Tunawaomba waliweke suala la vifurushi mezani katika kikao kijacho, wakubaliane tarehe moja ya kuanza, na waitangaze siku ya kusoma bajeti ili muuzaji wa Guangzhou na mwenye fremu wa Kariakoo waisikie kwa wakati mmoja.